Bomba linalokataa kukaa: ekzosi za Triumph ya zamani, dalili kwa dalili

Mzee mmoja aliniletea pikipiki ya Triumph Bonneville ya cc 650, ya mwishoni mwa miaka ya 1960, ikiwa na mabomba mapya ya moshi yanayong'aa kiasi cha kujitazamia ndevu. Lalamiko lake lilikuwa la kabureta: akiachia mkono wa mafuta kwenye mteremko, pikipiki inapiga risasi, yaani inalipuka kwenye bomba. Kabureta zilikwishafunguliwa na mafundi watatu, kila mmoja akaziacha alivyoona yeye. Mimi nilianza kwa kufungua bolti moja tu, ile inayoshika mafla (kile chombo cha kupunguza sauti mwisho wa bomba) ya kulia kwa nyuma. Bolti ilipotoka, mafla iliruka nje karibu sentimita mbili. Nikamwambia mzee kabureta zake hazina kosa, tuziache kwanza.

Bomba lile lilikuwa limevutwa kwa bolti mpaka likafika kwenye tundu lake. Likivutwa nyuma namna hiyo, mbele hukaa upande: mdomo unapanda upande juu ya kipande cha chuma unachokivaa kwenye injini na kuacha upenyo, hewa inaingia, na matatizo yanaanza kuzaana. Nikipewa pikipiki ya aina hii yenye shida yoyote ya ekzosi, kipimo changu cha kwanza ni hicho hicho. Bomba zima pamoja na mafla yake, kabla ya kukaza bolti hata moja, linatakiwa likae lenyewe mahali ambapo litakaa likishakazwa. Kazi ya bolti ni kulishikilia, siyo kulivuta.

Tuelewane kwanza kuhusu vipande. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ni ya alumini. Kwenye kila tundu la kutolea moshi kumefungwa kwa hesi (mikato ya skrubu) kipande kifupi cha chuma, ambacho nitakiita stabu. Bomba huvaa stabu kwa nje na kubanwa na klampu yenye mapezi ya kupoza. Chini, karibu na mbele ya injini, kuna kiungo kidogo kinacholishika bomba lisining'inie. Mafla nayo inavaa bomba, inabanwa kwa klampu, halafu nyuma inashikwa na bano lililofungwa kwenye fremu usawa wa mguu wa abiria. Bonneville za mwisho wa miaka ile ya 1960 zina pia kibomba kifupi kinachounganisha mabomba mawili karibu na hedi. Kila sehemu niliyoitaja inaweza kuwa ndiyo inayovuta.

Kisha kuna joto. Mita moja ya bomba la chuma ikipanda nyuzi 300 za selisiasi hurefuka karibu milimita tatu na nusu. Bomba lililofungwa kwa kuvutwa likiwa baridi litasukuma na kuvuta kila safari, na siku moja kitu kitaachia.

Tundu la bano la nyuma halikutani na tundu la mafla

Hapa ndipo watu wengi huchukua bisibisi kubwa, wakaichomeka kwenye tundu, wakavuta. Usifanye hivyo. Ondoa kila kitu, anza upya.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati kwenye sakafu iliyo sawa. Weka pima maji kukatisha fremu ujue haijalala upande, maana stendi iliyochakaa mguu mmoja itakudanganya saa nzima. Piga stabu msasa mpaka masizi yote yatoke. Tabaka la masizi unaloliona jembamba linatosha kulizuia bomba kuingia mpaka mwisho. Ingia ndani ya mdomo wa bomba pia, na ndani ya shingo ya mafla: mabomba mapya ya kuiga mara nyingi huja na matone ya kromiamu au ukingo mkali uliobaki kwenye kata. Uondoe kwa tupa ya duara.

Sasa vika bomba bila klampu. Kabla ya kulivika chora mstari kwa makapeni kwenye stabu, ili ukilichomoa ujue liliingia kiasi gani. Vika mafla mpaka igote. Shikilia uzito kwa kipande cha ubao chini ya mafla, usifunge chochote, kisha nenda nyuma ukaangalie tundu limeangukia wapi.

Likiwa mbele au nyuma ya tundu la bano, tatizo ni kina: ama bomba halijaingia lote kwenye stabu, ama mafla haijaingia lote kwenye bomba. Tena mara nyingi ni mafla. Likiwa juu au chini, bomba limezunguka kidogo mdomoni, au kile kiungo cha chini mbele ni cha pikipiki nyingine. Likiwa ndani au nje, mambo ni mazito zaidi, kwa sababu yanaweza kuwa matatu: stabu imeingia hesi upande, bano limepinda, au bomba lenyewe lilikunjwa vibaya kiwandani.

Usidharau kosa dogo la mbele. Kutoka hedi mpaka mkia wa mafla ni zaidi ya mita moja. Mdomo ukiinama nyuzi moja tu, kule nyuma umepotea karibu sentimita mbili. Ndiyo maana huwa nasema ukiona kosa nyuma, kalitafute mbele.

Kuhusu bano: pikipiki ya miaka zaidi ya 50 imewahi kuanguka, hata kama mwenyewe anaapa kwamba haijawahi. Pima kutoka katikati ya fremu mpaka uso wa bano la kulia, halafu la kushoto. Upande ulioangukiwa utajulikana. Bano lililopinda linanyooshwa likiwa limefunguliwa, kwenye jiliwa, siyo likiwa bado limening'inia kwenye fremu. Angalia pia mwaka. Mwaka 1971 Triumph walibadilisha fremu ya 650, oili ikawekwa ndani ya bomba la mgongo wa fremu, kwa hiyo usitarajie mabano ya nyuma ya 1970 yakae vizuri kwenye ya 1971. Nimeona pia mabomba ya kulia na kushoto yakiwa yamebadilishana. Yanaingia, tena yanaonekana sawa, mpaka ufike kwenye kiungo cha chini.

Ikibainika bomba ndilo lenye kosa, swali ni kosa la kiasi gani. Milimita tatu au nne zinazibwa kwa kutanua tundu la bano kwa tupa liwe refu kidogo, au kwa kuweka washa nene (pete bapa ya chuma) kati ya bano na mafla. Washa si aibu. Pengo likizidi hapo, pinda bano badala ya bomba. Bomba lenye kromiamu ukilipasha moto na kulikunja, kromiamu itabanduka kama maganda, na hutalirudisha tena dukani. Wapo wanaojaza mchanga ndani ili bomba lisibonyee wakati wa kulikunja. Hiyo ni njia ya zamani na inafanya kazi, lakini mchanga lazima ukaangwe ukauke kabisa kwanza. Mchanga wenye unyevu ukifungiwa ndani ya bomba na kupashwa moto hutoa mvuke, na kizibo kitaruka kama risasi. Pengo la sentimita mbili, kwa maoni yangu, ni la kumrudishia muuzaji bomba lake.

Ukisharidhika, ndipo funga. Nati zote kwa vidole kwanza: klampu za hedi, kiungo cha chini, klampu ya mafla, bolti ya nyuma. Kama kuna kile kibomba cha kuunganisha, mabomba mawili yaingie pamoja, huku na huku kidogo kidogo, la sivyo upande mmoja utakaa na wa pili utagoma. Kisha kaza kuanzia hedi kurudi nyuma. Bolti ya nyuma ndiyo ya mwisho kabisa. Ukianza na ya nyuma umeshaamua wewe bomba likae wapi, na mdomo hauna tena nafasi ya kujitafutia mahali pake.

Tumia spana zinazotakiwa. Hizi ni nati za inchi, na spana ya milimita inayokaribia kutosha ndiyo inayoacha nati za duara ambazo fundi anayefuata atazitoa kwa tindo na matusi.

Mafla moja iko juu kuliko nyingine

Usipime kwa macho ukiwa umesimama nyuma, kwa sababu kiti, taa na kibao cha namba vyote vinaweza kuwa upande, na macho yatafuata hivyo. Chukua timazi, kile cha mwashi. Kitundike katikati ya fremu chini ya kiti, weka alama sakafuni, kisha kimoja zaidi mbele kwenye shingo ya usukani. Unganisha alama mbili kwa uzi wa chaki. Huo ndio mstari wa kweli wa pikipiki. Kutoka hapo pima kwenda kulia na kushoto, na kutoka sakafuni kwenda juu.

Kama mafla zote mbili ziko umbali ule ule kutoka kwenye mstari lakini moja iko juu, zungusha bomba lake mdomoni na upime tena. Kama zote mbili zimehamia upande mmoja, mabomba hayana hatia, kaangalie injini ilivyokaa kwenye fremu. Kuna vipande vya kujazia nafasi kwenye bolti za injini ambavyo husahaulika juu ya benchi, injini ikavutwa upande mmoja, na mabomba yakaifuata.

Kabla hujakaza, kalia pikipiki. Kwenye Triumph za kabla ya mabadiliko ya katikati ya miaka ya 1970, pedali ya gia iko kulia na breki ya nyuma kushoto, kwa hiyo angalia pedali zote mbili kama zinagusa mabomba, na kiki upande wa kulia ishuke mpaka mwisho. Shusha stendi na kuipandisha.

Inapiga risasi ukiachia mafuta

Ndiyo iliyomleta yule mzee, na ndiyo inayogharimu watu pesa nyingi bila sababu. Ukiachia mafuta, mchanganyiko unaobaki haupati kuungua wote ndani ya silinda, sehemu yake inatoka kwenye bomba ikiwa bado mbichi. Wakati huo huo mikupuo ya moshi huacha nyuma yake mvuto ndani ya bomba. Kama kiungo cha mbele kina upenyo, mvuto ule unaingiza hewa safi, ikikutana na mafuta mabichi na joto, unasikia pu, pu, pu.

Kabureta iliyo na mafuta kidogo kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kuongezewa mafuta, inaweza kutoa sauti hiyo hiyo. Namna ya kuzitofautisha: washa injini ikiwa baridi, nje, siyo ndani ya banda lililofungwa, maana ndani ya moshi huo kuna gesi inayoua bila kunuka. Ikiwa kwenye sailensa, washa kijiti cha udi na ukipitishe polepole kuzunguka stabu, klampu ya mafla na kibomba cha kuunganisha. Mahali penye upenyo moshi wa udi utatapatapa kwa mapigo ya injini. Fanya haraka kabla mabomba hayajawa ya moto. Hakikisha pia hakuna petroli iliyomwagika karibu, ndiyo maana kazi hii naifanya kabla sijagusa kabureta, kamwe si baada yake.

Usipokuwa na udi, tafuta masizi. Mstari mweusi unaotokea chini ya mapezi ya klampu na kuchafua alumini ya hedi ni saini ya upenyo. Kama mdomo wa bomba lako una mipasuo ya kusaidia klampu ibane, angalia mipasuo hiyo inaishia wapi: ikiwa ni mirefu kuliko sehemu ya bomba inayofunika stabu, hata ukaze klampu mpaka ivunjike, hewa itaingia.

Upenyo mdogo kati ya bomba na stabu unazibwa kwa saruji ya ekzosi, ile ya kupaka inayogumu kwa joto. Silikoni ya gasketi haifai hapa. Karibu na hedi joto linaiunguza, na baada ya safari chache utakuta majivu. Upenyo mkubwa wa kutikisa bomba kwa mkono hauzibiki kwa dawa yoyote. Stabu imeliwa, badilisha.

Kama udi haukuonyesha kitu, basi ndiyo, nenda kwenye kabureta. Lakini kwanza dondosha tone la maji kwenye kila bomba baada ya dakika moja ya kuunguruma. Upande mmoja maji yanachemka na kuruka, wa pili yanateleza tu? Hiyo si ekzosi kabisa. Silinda ile haichomi, angalia plagi.

Stabu inacheza kwenye hedi

Alumini hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Stabu ya chuma ndani ya hedi ya alumini kwa hiyo hulegea kila injini ikipata moto, na bomba zito likiwa linaivuta huku linatetemeka, stabu inaanza kuzunguka na kusaga hesi za alumini. Mwenye pikipiki anasikia mlio kama wa valvu iliyolegea, anarekebisha valvu, mlio unabaki.

Fungua bomba ushike stabu kwa mkono. Haitakiwi kucheza hata chembe. Kama imelegea lakini hesi ni nzima, safisha, paka grisi ya shaba inayovumilia joto, kaza, endesha, kisha kaza tena ikiwa bado ya moto. Usiishike kwa koleo la mabomba kwa nje: utaifanya yai, na bomba halitakaa tena. Tengeneza chuma cha kuishika kwa ndani.

Hesi zikiwa zimekwisha, kuna njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kukereza stabu nene zaidi na kuchonga hesi mpya kwenye hedi. Ya pili ni kujaza tundu kwa kuchomelea alumini na kulichonga upya kwa kipimo cha asili, kazi ya fundi mwenye mashine nzuri na mkono mtulivu, na hedi lazima ivuliwe. Nimewahi kuuziwa hedi ambayo stabu yake ilikuwa imepigwa nukta za tindo pembeni ili ibane. Ilibana kilomita 12.

Bomba limegeuka buluu

Rangi ya njano na kidogo ya zambarau kwenye kona ya kwanza ni kawaida kwa bomba la ukuta mmoja. Buluu iliyokolea mpaka chini maana yake joto limezidi: moto wa plagi unachelewa, mchanganyiko una mafuta kidogo, au hewa inaingia kwa stabu. Ikiwa ni bomba moja tu, linganisha pande mbili. Rekebisha kabla ya kununua bomba jipya, la sivyo utanunua la tatu.

Mlio wa chuma kwa mwendo mmoja tu

Pistoni za injini hii hupanda na kushuka pamoja, na mtetemo wake una mwendo ambao hupenda kuamsha kila kilicholegea. Mlio unaotokea kwenye mzunguko fulani na kupotea ukiuvuka ni chuma kinachogusa chuma. Paka chaki nene kwenye fremu, stendi na vifuniko vya injini kila mahali bomba linapokaribia, endesha dakika 10, angalia chaki ilipofutika. Mara nyingi ni stendi ya kati ikiwa imepandishwa. Kama chaki iko salama, gonga mafla kwa ngumi: mlio wa ndani maana yake vizuizi vya sauti vimeachia, na hiyo haina matibabu zaidi ya kuipasua na kuichomelea.

Nyufa kwenye bano

Ufa kwenye bano au pale bano lilipochomelewa kwenye mafla ni barua kutoka kwa bomba linalovutwa. Ukichomelea ufa bila kurudi kwenye kipimo cha mwanzo, utapasuka pembeni ya weldi. Toboa tundu la milimita 3 mwisho kabisa wa ufa usiendelee kukimbia, uondoe kromiamu kwa grenda ukiwa nje na barakoa usoni, ndipo uchomelee.

Neno kwa wenye pikipiki nyingine. Norton Commando haina stabu: bomba linashikwa na nati kubwa yenye mapezi inayoingia kwenye hesi za hedi yenyewe, kwa hiyo nati ikilegea kinacholiwa ni hedi. Ikazwe ikiwa ya moto, kwa spana yake ya ndoano, siyo kwa tindo na nyundo kwenye mapezi. Injini yake pia imekaa juu ya raba na inacheza, hivyo raba za mafla zikiwa zimekufa, nati hiyo haitatulia kamwe. Kwenye Honda za silinda mbili za miaka ya 1970 bomba linabanwa na flanji (bamba la kubania) yenye stadi mbili nyembamba, yaani bolti zisizo na kichwa, na gasketi ya shaba nyekundu. Kaza stadi zote mbili kidogo kidogo kwa zamu, flanji isilale upande. Gasketi ya shaba iliyotumika inaweza kurudia kazi mara moja: ipashe moto mpaka iwe nyekundu hafifu, itumbukize majini, italainika. Gasketi za kijivu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, zilowanishe kabla ya kuzikwangua, usizipulize.

Ya yule mzee ilichukua siku mbili. Bano la kulia lilikuwa limeingia ndani, na stabu ya kulia haikuwa imefika mwisho wa hesi. Vilipotengenezwa, kabureta zilizochezewa na wale mafundi zikarudishwa kwenye kipimo cha kiwandani, na risasi zikaisha. Baada ya kilomita 50 alirudi nikakaza kila kitu tena, kama inavyopaswa. Mafla zake zilibaki na tofauti ya milimita nne kwa nyuma, nami nikaiacha, kwa sababu fremu yenyewe ilipinda kidogo zamani. Mzee anaukumbuka hata mti wenyewe.